Alama Zinapanda Ofisini, Kosa Linabaki na Mwanafunzi

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, ubishi ni ule ule: mbona hatutajiwi shule kumi bora? Tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilipoeleza kupitia Kaimu Katibu Mtendaji wake wa wakati huo, Athumani Amasi, kwamba halitataja tena shule wala wanafunzi vinara kwa kuwa utaratibu huo hauna tija, wazungumzaji wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja linalia kwamba ari ya kusoma imeuawa. Jingine linashangilia kwamba watoto wametuliwa mzigo na sasa watajiamini. Yote mawili yanakuza jambo dogo. Kilichofutwa ni tangazo. Namna mwanafunzi anavyofundishwa, anavyopimwa na anavyoambiwa amekosea wapi imebaki vile vile, na humo ndimo kujiamini kwake kunamojengwa au kubomolewa. Kasoro kubwa ya upimaji wetu wa sekondari iko kwenye njia zinayopita alama: zinatoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu wa taaluma, kwa mkuu wa shule, ofisi ya elimu ya wilaya, mkoa, baraza na mzazi, lakini kwa yule aliyefanya mtihani hazirudi zikiwa taarifa anayoweza kuifanyia kazi.

Kwanza tuyaelewe matokeo yenyewe, maana wengi huyasoma juu juu. Katika kidato cha nne, A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Yanahesabiwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ina pointi 1 na F ina pointi 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Piga hesabu. Mwenye F saba ana pointi 35. Akipata D moja ana 34, bado ni sifuri. Akipata D mbili ana 33, ameingia daraja la nne, na kwenye takwimu ya taifa amefaulu. Kwa hiyo ufaulu wa asilimia 92.37 uliotangazwa kwa mtihani wa 2024 unaweza kumbeba mtu aliyepata alama 30 katika masomo mawili na chini ya hapo katika yote mengine. Hakuna udanganyifu hapo, vigezo viko wazi kwa kila mtu. Ila neno kufaulu limebeba mizigo ya uzito tofauti, na Hisabati hulifichua kila mwaka: somo hilo ni la lazima kwa wote, na miaka ya karibuni wanaolifaulu wamekuwa kati ya moja ya tano na robo ya watahiniwa.

Ya 2012 nayo yasisahauliwe. Matokeo ya mwaka huo, yaliyotoka Februari 2013, yaliwapa sifuri zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, na Mei 2013 serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Karatasi zilikuwa zile zile na majibu yale yale, lakini baadhi ya vijana waliotoka sifuri walijikuta wana cheti. Haikuchukua muda ukaja mfumo wa wastani wa pointi, na mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Katika kuhangaika kote huko, swali lililoulizwa lilikuwa namna ya kumpanga mwanafunzi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mwanafunzi huyo aliambiwa nini kati ya kidato cha kwanza na cha nne hata akafika Novemba bila kujua asichokijua.

Kwenye karatasi, jambo hili lilishatatuliwa zamani. Mwaka 2005 sekondari zilihama kutoka mtaala wa maudhui kwenda mtaala wa kujenga umahiri, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, umelikazia lile lile: mwanafunzi atende, ahoji, apimwe mfululizo. Darasani hali ni nyingine. Kipindi kina dakika 40. Mwalimu ana mkondo wenye wanafunzi 50 au 60, vitabu havitoshi, kwa hiyo anaandika nukuu ubaoni nao wananakili. Zikibaki dakika tano anauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Huo ndio upimaji unaofanyika mara nyingi zaidi katika shule zetu, na hauna thamani yoyote. Aliyeelewa amesema ndiyo, ambaye hakuelewa amesema ndiyo, na aliyekuwa amelala ameamshwa na sauti za wenzake naye akasema ndiyo.

Juu ya hapo kuna lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza anakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Shule nyingi huanza na kozi fupi ya lugha, kisha mtiririko wa mada unaanza kwa kasi ya kawaida. Kuanzia siku hiyo kila jaribio linapima vitu viwili kwa alama moja: kama anajua mada, na kama anaweza kusoma swali na kuandika jibu. Akipata 18 kati ya 100, hakuna anayejua ni kipi kati ya viwili kilichomwangusha, na yeye mwenyewe anachagua tafsiri ya karibu, kwamba hana akili ya sayansi. Kumbe kuna njia rahisi ya kutenganisha. Mwalimu achukue wanafunzi watano kati ya walioanguka, awaulize swali lile lile ana kwa ana kwa Kiswahili. Wakilijibu, kurudia mada ni kupoteza kipindi. Wanachohitaji ni maneno ya amri ya maswali (taja, eleza, fafanua, tofautisha, linganisha) na mazoezi ya kuandika sentensi mbili au tatu za jibu kwa kila neno. Wasipolijibu hata kwa Kiswahili, mada ndiyo haijaingia, na Kiingereza kisisingiziwe.

Dawa inayotumika zaidi ni kuongeza mitihani. Kuna majaribio ya wiki, ya mwezi, ya katikati ya muhula, ya mwisho wa muhula; kisha kidato cha nne wana ujirani mwema (mtihani wa pamoja wa shule jirani) na moko, yaani mitihani ya majaribio kabla ya ule wa taifa, ya wilaya na ya mkoa. Hoja ya walimu wakuu ni kwamba mwanafunzi anazoea chumba cha mtihani, na kuna ukweli ndani yake, kwa sababu kujibu bila kuangalia daftari huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma nukuu mara ya tano. Lakini tazama hesabu ya usahihishaji. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 50 ana karatasi 200. Akitumia dakika nne tu kwa kila moja, ni dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20, nje ya vipindi, zamu na andalio la somo. Mitihani mitatu kwa muhula inameza saa 40. Matokeo yake yanajulikana: karatasi zinasahihishwa kwa tiki na mkasi, alama inaandikwa juu kwa wino mwekundu, majina yanapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, orodha inabandikwa ukutani, na karatasi zinarudi wiki tatu baadaye mada ikiwa imeshapita. Wakati mwingine hazirudi kabisa. Kwa karatasi za kanda au mkoa, hilo ni jambo la kawaida.

Chukua mfano wa swali dogo la Hisabati lenye alama mbili: tafuta thamani ya x iwapo 3(x − 2) = 2x + 5. Jibu ni 11. Mwanafunzi wa kwanza anaandika 3x − 2 = 2x + 5, anapata 7. Wa pili anafungua mabano vizuri, 3x − 6 = 2x + 5, halafu anahamisha 2x bila kubadili alama, anapata 5x = 11 na jibu la 2.2. Wa tatu hajaandika kitu. Kwa mwalimu mwenye haraka wote watatu wamepata sifuri, na kwenye orodha ya ukutani wako sawa. Ila wa kwanza anahitaji dakika kumi za kuzidisha kila kilichomo ndani ya mabano. Wa pili anahitaji kuelewa kwamba kuhamisha ni kufanya tendo lile lile pande zote mbili, na kwa haki alistahili alama moja, kwani mwongozo mzuri wa usahihishaji hutoa alama ya njia. Wa tatu anaweza kuwa hajui, hakuelewa lugha, au anaogopa kuandika kitu kitakachochekwa. Ukiwapa wote watatu "rudieni mada hii nyumbani", umewapa kazi ambayo hakuna hata mmoja anayejua aianzie wapi. Wa kwanza ataisoma nukuu yake upya, ataona kila kitu kinaeleweka, kisha mtihani ujao atarudia kosa lile lile akiamini safari hii kajiandaa vizuri. Kijana wa namna hiyo akianguka mara ya pili na ya tatu baada ya kusoma kwa bidii, ana kila sababu ya kuacha kujiamini. Amejitahidi kweli, na jitihada haikuleta tofauti.

Sasa tuwasikilize wanaotaka orodha ya shule bora irudi. Hoja yao yenye nguvu ni ya uwajibikaji. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kulinganisha, na mlipakodi ana haki ya kujua shule ipi ya serikali imelala. Wanaongeza, kwa haki, kwamba mtihani wa nje unaosahihishwa kwa namba bila jina ndio unaomlinda mtoto wa mkulima wa Kibondo dhidi ya upendeleo. Ukiuondoa, nafasi za kidato cha tano zitakwenda kwa wanaojuana. Hilo la pili silipingi hata kidogo. La kwanza lina ushahidi wa pande mbili. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza 2013, shule za msingi zilipangwa kwa nafasi wilaya hadi taifa. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipofuatilia waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu wa darasa la saba. Waliona pia kwamba idadi ya wanaofanya mtihani katika shule hizo ilipungua: sehemu ya ufundi wa kupanda ilikuwa kupunguza wanaohesabiwa. Sekondari tunaijua sura yake ya kwetu. Kuna shule binafsi zinazoweka wastani wa shule, na asiyeufikia anakaririshwa, anahamishwa au anaandikishwa kama mtahiniwa wa kujitegemea ili asishushe jina. Wizara imekuwa ikikemea. Orodha ikirudi, kishawishi hicho kitapata nguvu upya, ingawa tusijidanganye kwamba kimekufa. Matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti ya NECTA, na yeyote mwenye kompyuta na jioni moja ya nafasi anaweza kujipangia orodha yake.

Hoja yao dhaifu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba ushindani hujenga kujiamini. Kwa nani? Katika darasa la watu 60, orodha ya ukutani inawasukuma labda kumi wa juu wanaopokezana nafasi. Wa 47 akisoma usiku na mchana, na wenzake wote wakasoma vile vile, atabaki wa 47. Nafasi ni kipimo kisichoweza kuonyesha kwamba darasa zima limepanda, kwa sababu lazima pawe na wa mwisho. Anayetoka alama 12 hadi 27 katika Fizikia amepiga hatua kubwa kuliko aliyetoka 81 hadi 84, lakini kwa mfumo wetu bado ni F, bado yuko mkiani, na mzazi akiletewa ripoti atauliza jambo moja tu: umekuwa wa ngapi?

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Wanaoshangilia kufutwa kwa orodha wengi wanadhani kujiamini ni suala la kumtia mtoto moyo: msifu, usimlinganishe, punguza mitihani. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu 1977 kwamba chanzo kikuu cha mtu kuamini uwezo wake ni kuona amefanya jambo na likafanikiwa. Sifa tupu haifanyi kazi hiyo, na vijana wa miaka 16 wanaitambua upesi. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wa wanafunzi nchini Israel ambamo kundi moja lilipewa alama, jingine maoni ya kazi yake bila alama, jingine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio waliopanda na kuendelea kupenda kazi. Waliopewa maoni pamoja na alama hawakuwapita waliopewa alama tu. Yaani namba ikishaonekana, maneno yaliyo chini yake hayasomwi. Mwalimu anayejichosha kuandika "jitahidi zaidi" pembeni mwa 34% anapoteza wino mara mbili, kwa sababu maneno hayo hayasomwi, na hata yakisomwa hayamwambii mtu afanye nini.

Kuna na jambo la fimbo, ambalo wachambuzi wa matokeo hulikwepa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinaruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi vinne, tena kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kuchapa mtu kwa kila alama iliyopungua chini ya 50 hakumo humo. Ubaya wake kitaaluma uko wazi: jibu lisilo sahihi likiwa na gharama mwilini, kila mwenye akili timamu ataacha kujibu au atanakili kwa jirani. Mwalimu anabaki na karatasi nyeupe na majibu ya kuigizana, na hapo hata mwenye nia njema hana kosa la kulisoma.

Kinachowezekana ndani ya msongamano huu hakihitaji bajeti mpya. Badala ya kupanga karatasi kwa alama, zipangwe kwa kosa. Mwalimu asome karatasi 20 za mkondo mmoja, atie alama ya penseli penye makosa yanayojirudia. Mara nyingi matatu au manne yanabeba karibu darasa zima. Kipindi kinachofuata, kabla ya kutoa alama, dakika 15 za mwanzo ziende kwa makosa hayo yakiwa ubaoni bila jina la mtu. Kisha litolewe swali jipya la aina ile ile, na kila mwanafunzi alijibu upya kwenye daftari chini ya jibu lake la zamani. Alama zitoke kesho yake. Mwisho wa vipindi vya kawaida, swali moja kwenye robo ya karatasi badala ya "mmeelewa": karatasi 50 kwa sekunde kumi kila moja ni dakika nane na kidogo, na mwalimu anajua kesho aanzie wapi. Kinachoharibu utaratibu huu ni tamaa. Wengine huuliza maswali matano, karatasi zinarundikana, na wiki ya pili zoezi limekufa. Wengine huingiza alama za robo karatasi kwenye daftari la maendeleo, na papo hapo wanafunzi wanaanza kunakili, kwa sababu limeshakuwa mtihani.

Halafu kuna hazina isiyofunguliwa. Kila mwaka NECTA hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, ikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabovu na sababu za watu kukosa. Kijani, njano na nyekundu zinaonyesha ufaulu mzuri, wa wastani na hafifu. Magazeti hayaiandiki, kwani haina mshindi. Ya kidato cha nne inafika wenyewe wameshaondoka. Ya kidato cha pili ina faida ambayo wachache wanaitumia: upimaji unafanyika Novemba, na Januari vijana wale wale wako kidato cha tatu, dawati lile lile, na makosa yale yale. Idara ya somo ikikaa na taarifa hiyo wiki ya kwanza ya muhula, ikachagua mada tatu zilizo nyekundu na kuziweka ndani ya azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha mada za mwaka, itakuwa imefanya kitu ambacho moko tatu haziwezi.

Hapo ndipo mtaala ulioboreshwa utakapopimwa. Unataka kazi mradi na upimaji endelevu zaidi, na alama za upimaji endelevu tayari zinachangia 30 kati ya 100 za mwisho, 70 zikitoka kwenye mtihani. Maadamu alama hizo ni za kupeleka juu, shule ina sababu ya kuzipika, na nyingi zinapikwa: mwanafunzi anaandikiwa 70 na 80 miaka mitatu, Novemba anapata 25, naye ndiye wa mwisho kujua. Ofisi za uthibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, zinazodai faili la majaribio mengi zinaongeza tatizo bila kukusudia, maana faili linajazwa usiku mmoja. Mthibiti akiacha faili na kuomba madaftari matano ya mkiani, akatafuta kosa la Februari kisha akaangalia kama limesahihishwa Machi na kama limejirudia Mei, shule zitaanza kuandaa madaftari badala ya mafaili.